Kimbia na Upike kwa Majira

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye ajira, watoto na foleni ya kila jioni hana saa ya ziada ya kukimbia, na hana saa ya ziada ya kupika. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na kutafuta muda. Unaanza na vitu viwili ambavyo vimeshapangwa bila wewe kuulizwa: hali ya hewa na mzigo unaoshuka sokoni. Pwani yetu ina kiangazi cha Januari na Februari, masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha kuanzia Juni, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kila majira yana namna yake ya kukimbia na chakula chake. Ukiyafuata, maswali mengi yanakuwa yameshajibiwa kabla hujaamka, na maswali hayo ndiyo yanayomchosha mtu: nitoke leo au kesho, tule nini, nyumbani kuna mboga? Mtu akishajiuliza hivyo mara tatu jioni moja, ataagiza chipsi mayai na viatu vitabaki mlangoni.

Naandika kwa mtu wa Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokujua. Wa Tanga, Mombasa au Unguja atabadilisha majina ya mitaa na masoko; mengine yatamfaa yalivyo.

Siku tatu kwa wiki

Siku tatu za kukimbia zinamtosha kabisa mtu mwenye shughuli. Jumanne na Alhamisi dakika 35 hadi 45, Jumamosi mbio ndefu. Jumatatu kazini huwa na vikao na mrundikano wa mwisho wa wiki, Jumatano na Ijumaa mwili unapumzika, Jumapili ni ya ibada, ndugu na usingizi. Ukiwa na nguvu ya siku ya nne, itumie kwa mazoezi ya misuli nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda ngazi, kusimama kwa mguu mmoja huku ukipiga mswaki. Magoti yatakushukuru ukifika miaka 45.

Jua la Dar es Salaam halibadiliki sana. Huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12:40 asubuhi mwaka mzima, Novemba likiwahi na Julai likichelewa. Kwa hiyo chagua saa moja ya kutoka, tuseme saa 11:15 alfajiri, uishike miezi yote 12. Ukibadilisha saa kila wiki unarudi kwenye maswali. Kwa kuwa bado ni giza, vaa nguo inayong'aa na ukimbie upande wa kulia wa barabara, ukitazamana na magari na bodaboda zinazokuja. Mwanamke anayekimbia alfajiri peke yake nitamshauri asifanye hivyo. Karibu kila mtaa siku hizi una kundi la jogging, na wengi wao wanapokea mgeni siku hiyohiyo, bila masharti makubwa.

Kama alfajiri yako imeshachukuliwa na kuandaa watoto wa basi la shule, geuza foleni iwe mtaji. Daladala inayotoka mjini saa 11 jioni na ile ya saa 1 usiku mara nyingi haziachani sana kufika Gongo la Mboto, kwa sababu ile ya kwanza imekaa barabarani. Hizo dakika za kukaa kwenye joto na kusukumana ndizo za kukimbia. Acha viatu na taulo kazini, zunguka Upanga, vuka daraja la Tanzanite au nyoosha hadi ufukwe wa Coco, nawa, badilisha nguo, panda gari likiwa na nafasi. Utafika nyumbani umechelewa kidogo tu, na hasira ya foleni huna.

Kuhusu kasi, kipimo ulifundishwa shule ya msingi. Mchakamchaka ulikimbiwa kwa kuimba: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, na ulipoona kundi limenyamaza ulijua aliye mbele amezidisha. Kipimo hicho ni cha kweli kitaalamu pia. Ukiweza kuitikia mstari mzima bila kukata pumzi, moyo unafanya kazi kwa kiwango kinachoujenga, mishipa midogo ya damu inaongezeka kwenye misuli, na mifupa na kano zinapata muda wa kuzoea. Ukibaki na neno mojamoja, umevuka mpaka. Katika mbio zako tatu, mbili ziwe za kuimba. Ya tatu, ile ya Alhamisi, ndiyo unaweza kuitia vipande vya kasi: dakika 2 kwa nguvu, dakika 2 taratibu, mara sita.

Na usijilinganishe na wakubwa. Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, wengi tulisimama mbele ya televisheni tukishangilia, na nina hakika wapo walioamka kesho yake wakajaribu kukimbia kama yeye. Wakimbiaji wetu wa daraja hilo hujifua nyanda za juu, Arusha na kwingineko, ambako mwinuko unapita mita 1,000 na asubuhi ni za baridi. Wewe unakimbia usawa wa bahari, kwenye hewa nzito, ukiwa umelala saa sita. Furahia ushindi wao na ukimbie kwa kipimo chako.

Jumamosi iishie sokoni

Hapa ndipo mbio na jiko vinapokutana, na ukichukua jambo moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hili. Panga njia ya mbio ndefu ya Jumamosi ili mwisho wake uwe sokoni. Anayekaa Sinza au Ubungo amalizie Mabibo, wa Temeke amalizie Sterio, wa Ilala na Buguruni wana masoko yao mlangoni. Beba pesa ndogondogo na mfuko mwepesi uliokunjwa mfukoni. Ukifika saa 1 au saa 1:30 asubuhi, mboga bado zina umande, wauzaji hawajachoka, na umeshafanya safari ya soko na mazoezi kwa mkupuo mmoja.

Usifike na orodha ndefu. Msalimie mama unayenunua kwake kila mara, kisha muulize: "Shikamoo mama, mzigo gani umeshuka leo?" Jibu lake ndilo orodha yako. Kitu kilichoshuka kwa wingi kimevunwa karibuni, kina bei nzuri, na ndicho cha majira. Mchicha uvunje shina: ukikatika kwa mlio ni mchanga, ukipinda umekomaa na utakuwa na nyuzi. Embe linuse karibu na kikonyo, pale ndipo utamu unapojitangaza. Rangi ya ganda hudanganya, kwani dodo linaweza kuiva likiwa bado kijani. Maharage mapya yana mng'aro, na yanaiva upesi kuliko ya mwaka jana ambayo yamekauka mno na kumaliza gesi.

Nyumbani, oga, kula, kisha jiko lipewe saa mbili. Kila anayepika kwetu anajua kuchemsha ni kazi moja na kuunga ni nyingine. Zitenganishe kwa siku. Jumamosi chemsha, katikati ya wiki unga. Kuchemsha kunachukua muda mrefu lakini hakuhitaji macho yako, ni moto na maji tu. Kuunga kunahitaji mkono na pua, ila kunaisha ndani ya robo saa. Watu wanaposema hawana muda wa kupika chakula cha nyumbani, wanachokosa ni ule muda wa kuchemsha, saa 2 usiku watoto wakiwa na njaa.

Chukua mfano wa kisamvu, kwa sababu ndicho watu wa mjini wanakikimbia. Nunua kilichotwangwa; masoko mengi yana mashine au kinu pale pale. Tia kwenye sufuria kubwa na maji mengi, bandika, na usifunike. Majani ya muhogo yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa, na mvuke unatakiwa upate njia ya kutoka. Mwanzoni kitatoa harufu kali ya ubichi, na povu la kijani litapanda. Punguza moto, ongeza maji yakipungua, endelea na shughuli zako. Baada ya saa moja na zaidi harufu inalainika, rangi inatoka kijani cha jani na kuwa kijani kilichofifia, na ukisugua kidogo kati ya vidole hakina tena ukali wa nyuzi. Kimeiva. Sasa simama: usikiunge chote. Gawa mafungu manne. Moja la leo, liunge kwa kitunguu, tui na karanga zilizosagwa. Matatu yapoe, yafungwe, yaende friza yakiwa hayana chumvi wala nazi. Jumatano ijayo fungu moja litakuwa mezani kwa dakika 15, na Jumatano ya wiki nyingine utaliunga kwa njia tofauti kabisa.

Maharage yafuate mtindo uleule. Yaloweke Ijumaa usiku, asubuhi mwaga maji yale, yachemshe bila chochote, kisha yagawe kwenye vibakuli vya mlo mmoja mmoja. Friji itayatunza siku tatu. Yanayozidi yaende friza. Umeme ukikatika usifungue mlango wa friza, na kitu kikishayeyuka na kupata uvuguvugu, kitupe bila huruma. Hiyo ni sababu pia ya kutoweka akiba ya mwezi mzima kwenye friza. Wiki mbili zinatosha. Mbali na friza, weka vikavu visivyojali umeme: dagaa, choroko, karanga, unga wa ulezi. Choroko hazihitaji kulowekwa na huiva ndani ya dakika 40, kwa hiyo hizo ndizo mboga za siku uliyosahau kila kitu.

Na kazi hii isiwe ya mtu mmoja. Kuchambua majani ya maboga kunakwenda vizuri sebuleni wakati wa taarifa ya habari ya saa 2 usiku, kila mmoja na ungo wake, mtoto wa miaka saba akivuta nyuzi kwenye mashina. Kama una dada wa kazi, kaa naye Ijumaa mpange pamoja nini kitachemshwa, maana mara nyingi yeye anajua zaidi yako kilichobaki kabatini. Na umpe naye saa yake ya kutoka wewe ukiwa jikoni.

Kabla ya kukimbia na baada yake

Mbio za chini ya saa moja hazihitaji chakula kabla. Glasi ya maji, na kama tumbo linakudai, ndizi mbivu moja au tende mbili tatu. Mbio ndefu ni habari nyingine. Ijumaa jioni kula wali na samaki, au ndizi na nyama, na uache maharage na kisamvu kwa siku nyingine, kwani nyuzi na gesi yake zitakusumbua kilomita ya nane. Alfajiri, kiazi kitamu cha kuchemsha kilichobaki jana ni chakula kizuri kuliko vingi vinavyouzwa kwenye pakiti kwa bei kubwa.

Ukirudi, ndani ya saa moja hivi upate wanga na protini: uji wa ulezi na mayai, viazi vitamu na maharage, chapati na choroko. Jambo ambalo wengi hawalijui ni la chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye mboga na maharage. Mkimbiaji anahitaji chuma, na mwanamke anayepata hedhi anakihitaji zaidi. Isogeze chai mbele kwa saa moja, na pale mezani weka ndimu badala yake. Vitamini C ya ndimu, chungwa au kachumbari huusaidia mwili kukichukua chuma cha mboga za majani. Wazee wetu walikamulia ndimu kwenye mchicha na dagaa kwa ladha, endelea nao.

Kiangazi

Haya ndiyo majira magumu kuliko yote kwa mkimbiaji wa pwani. Mchana joto hufika nyuzi 32, na alfajiri mara nyingi halishuki chini ya 24. Lakini unyevu ndio unaoumiza zaidi. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikishashiba maji, jasho halikauki, linadondoka tu, na moto unabaki ndani. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukiona mapigo yako yako juu ilhali kasi ni ileile ya Agosti, mwili wako ni mzima. Punguza kasi, weka saa mfukoni, na kimbia kwa kuimba.

Mwili huzoea joto kwa takribani siku 10 hadi 14 za kukutana nalo mara kwa mara. Unaanza kutoa jasho mapema zaidi na maji ya damu yanaongezeka. Aliyetoka likizo Mbeya mwezi Januari ajipe wiki mbili hizo kabla ya kurudia mbio ndefu.

Kunywa maji kwa kiu, na ujipime. Panda mzani kabla na baada ya mbio ndefu moja: kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukijua unapoteza kiasi gani, hutakunywa kidogo mno wala kingi mno, na kingi mno ni hatari pia kwa sababu kinazimua chumvi ya damu. Dafu ni kinywaji kizuri na napenda kumalizia mbio zangu kwa muuza madafu, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho linatoa sodiamu zaidi. Baada ya dakika 90 barabarani, dafu peke yake halitoshi. Kula kitu chenye chumvi, au changanya pakiti ya maji ya chumvi na sukari ya dukani kama inavyoelekezwa. Ukihisi vinyweleo vinasimama kwenye joto, kichefuchefu, au unaanza kuchanganya maneno, acha papo hapo, tafuta kivuli na maji ya kujimwagia, na uombe msaada. Mwenzako akiwa hivyo usimwache arudi peke yake.

Jiko la kiangazi liwe la moto mfupi. Hakuna anayetaka sufuria la makande likichemka nyumba nzima Februari. Matikiti yapo, embe za mwisho zipo. Tengeneza kachumbari ya embe mbichi, pilipili na chumvi. Samaki wa kuchoma. Maharage yaliyochemshwa alfajiri yaliwe ya uvuguvugu na vitunguu na ndimu. Wakati wa kaskazi bahari huwa tulivu na samaki hupatikana vizuri. Wanunue Jumamosi hiyohiyo, uwakaange kidogo kabla ya kuweka friji ili wafike Jumatatu.

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, ndani ya joto hili, na itaendelea kurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Anayefunga asitafute kuongeza kilomita mwezi huo. Kazi yake ni kulinda alichonacho. Dakika 30 za taratibu karibu na magharibi zinafaa, kwa kuwa maji na tende viko mbele yako, au utoke baada ya tarawehe. Ukichagua kukimbia usiku, futuru kwa tende, maji na uji, ule magimbi au mihogo ya nazi kidogo, na uache sambusa na kaimati hadi utakaporudi. Daku iwe na kitu kinachokaa tumboni: maharage, mayai, uji wa ulezi. Ukipata kizunguzungu ukiwa umefunga, tembea nyumbani, mbio zimeisha.

Masika

Mvua za Machi hadi Mei zinavunja ratiba nyingi, na wengi wanaoacha kukimbia huacha hapa. Mvua yenyewe haina neno. Kukimbia kwenye manyunyu baada ya kiangazi ni raha. Tatizo ni maji ya barabarani. Maji yaliyotuama Jangwani, Msimbazi na kwenye mitaro iliyofurika yamechanganyika na majitaka, na chini yake kuna mashimo na mifuniko iliyong'oka. Usiyakanyage, hata kama mzunguko utakuwa mrefu. Radi ikianza, ingia ndani. Siku ambazo mtaa haupitiki, ruka kamba barazani dakika 20, au panda ngazi za jengo la kazini. Halafu usijidai deni la kilomita ulizokosa.

Viatu vikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti makavu, uyabadilishe baada ya saa chache. Usiviweke kwenye jua kali wala pembeni ya jiko, gundi itaachia. Na kama unanunua mitumba, jambo ambalo ni la busara kabisa, bonyeza povu la soli kwa kidole gumba: likiwa gumu au limekunjamana mistari pembeni, limekufa, hata kama juu kinang'aa. Tazama pia kisigino kama kimelika upande mmoja, maana utaurithi mwendo wa mwenyewe wa kwanza.

Sokoni masika ni sherehe ya majani. Mchicha, matembele, mnafu, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, vyote viko teke na kwa bei ya chini. Mahindi mabichi na maboga yanafuata. Nyanya ndiyo inapotea, kwa kuwa mvua nyingi huleta ukungu shambani na magari yanakwama njiani. Usihangaike nayo. Mboga ya majani ya masika haiihitaji: kitunguu, bamia chache, tui, na ukali wa ukwaju au ndimu. Kwa kuwa mafuriko hufika mashamba ya bondeni, osha majani kwa maji yanayotiririka, jani kwa jani, na uyapike. Kachumbari ya majani mabichi subiri. Boga likichemshwa na kuungwa kwa tui na iliki kidogo linakuwa kifungua kinywa cha Jumamosi ambacho watoto hawakikatai, na lina wanga wa kutosha kwa aliyerudi kukimbia kilomita 12.

Kipupwe

Hapa sina mengi ya kusema kwa sababu majira haya yanajisemea. Alfajiri za Julai hushuka hadi nyuzi 18 au 19, kusi linavuma, na ukiwa na lengo la kuongeza umbali, ongeza sasa: kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne urudi nyuma upumzike. Machungwa ya Muheza yamejaa, viazi vitamu vimeshuka, maharage mapya yamefika. Bahari ni chafu kwa upepo, kwa hiyo tegemea dagaa kuliko changu. Dagaa nao wana kalenda yao: huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi, hivyo mwezi ukiwa mpevu mzigo hupungua na bei hupanda. Nunua mwezi ukiwa mchanga.

Nyanya zinaporudi kuwa rahisi, nunua sado zima, zichemshe na kitunguu mpaka ziwe rojo zito, gandisha kwenye vibakuli vidogo. Rojo hilo ndilo litakalounga mboga zako kwa wiki mbili.

Vuli

Embe zinaanza, na mananasi ya Kiwangwa yanafuata. Mvua za vuli ni za vipindi. Ukivisoma utapata nafasi.

Kwa anayetamani mbio kubwa, vuli ndipo safari inapoanza. Kilimanjaro Marathon ya Moshi hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hesabu wiki 16 kurudi nyuma, unaangukia mwanzoni mwa Novemba. Chukua nusu, kilomita 21, kama kazi na familia vimekubana. Marathoni nzima inadai Jumamosi zako zote, na sokoni utafika watu wanafunga. Njia ya Moshi ina mwinuko kuelekea Mweka, na Dar es Salaam ni tambarare, kwa hiyo mara moja kwa wiki tafuta mlima: Chuo Kikuu Mlimani, Kimara, au Pugu. Mwezi wa mwisho wa maandalizi utakuwa kwenye kiangazi, ukikimbia taratibu kuliko unavyotaka. Usitishike. Moshi alfajiri kuna ubaridi kuliko huku.

Desemba ina harusi, wageni na safari za kwenda kwetu. Ukiwa kijijini, barabara za vumbi ni nzuri kwa miguu na hewa ni safi. Toka na watoto wa pale, watakufundisha mwendo. Jikoni kwa bibi usipeleke mpango wako. Kula kilichopikwa, uliza kimepikwaje.

Wiki ikiharibika

Itaharibika. Msiba, mtoto kuumwa, ripoti ya mwaka. Ikibidi kuacha siku mbili kati ya tatu, acha Jumanne na Alhamisi, linda Jumamosi, kwa sababu hiyo imebeba mbio na jiko pamoja. Ikibidi kuacha hata hiyo, mtume mtu sokoni achukue choroko, dagaa na majani yaliyopo, yatoshe wiki.

Homa usikimbie nayo kamwe. Pima malaria kwanza. Ikionekana, maliza dozi, kisha subiri siku kadhaa ambazo hakuna homa na hamu ya kula imerudi. Ukianza tena baada ya wiki mbili za kulala, toka kwa dakika 20 tu: dakika 3 za kukimbia, dakika 2 za kutembea, mara nne. Wiki ya pili ongeza hadi dakika 30. Jumamosi ya kwanza fika sokoni kwa miguu, ukitembea, ununue kuku wa supu, ndizi na ndimu, na kisamvu kisubiri wiki ijayo.